Sikuuomba Mti Huu

Mama yule alisubiri nijaze mfuko wa maji mpaka ukafura, nikakunja mpira, ndipo akaniuliza kutoka barazani kwake ni nani aliyetuambia kwamba anautaka mti ule.

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, kikombe cha kahawa mkononi, na hakupaza sauti. Nikajibu kama tulivyofunzwa: kwamba mti ni mali ya umma, kwamba umepandwa kwenye ukanda wa nyasi ulio kati ya njia ya waendao kwa miguu na barabara, ambao si sehemu ya kiwanja chake hata kama yeye ndiye anayeufyeka, na kwamba kazi yetu ni kuumwagilia mpaka baridi itakapoanza. Alinisikiliza hadi nikamaliza.

"Binti, sikukuuliza mti ni wa nani," akasema. "Nimekuuliza ni nani aliyekuja kuniuliza mimi."

Nikamwambia sijui, maana kweli sikuwa najua. Mwenzangu alikuwa amekwisha kuwasha lori, na mtaa ule ulikuwa na miti mingine mingi inayotungoja katika joto la Julai.

Haya yalitokea kaskazini mwa jiji la Minneapolis, jimboni Minnesota, Marekani, mwaka 2023. Kazi yangu ya majira ya joto, ya kumwagilia miti michanga ya barabarani, ilikwisha, masomo yakaanza, na swali la mama yule bado halijanitoka kichwani.

## Lita 75

Kwa anayeitazama kupitia dirishani, kazi ya kutunza miti michanga ya mjini ni kazi ya kujaza mifuko. Mfuko wenyewe ni wa plastiki nene ya kijani, huzungushiwa shina na kufungwa kwa zipu. Ukijaa hubeba takriban lita 75, na kwenye kitako chake kuna matundu madogo yanayovujisha maji polepole kwa saa tano hadi tisa, ili yazame ardhini badala ya kutiririka hadi mtaroni. Ufundi wake ni mdogo lakini upo. Ukiumiminia maji ukiwa umelala, hujikunja na kubaki umelemea upande mmoja. Kwa hiyo unatia kidogo, unaushika kwa vishikio vyake na kuunyanyua mpaka maji yaenee kitakoni kote, ndipo unaendelea. Na ukiachwa mtupu kwa muda mrefu, gome lililofunikwa halipati hewa. Mara nyingi nilipofungua zipu nilikuta chungu, ukungu, na wale wadudu wenye koleo mkiani wakikimbilia gizani.

Nilifanya kazi na kijana wa Kisomali aliyekulia Eastleigh, Nairobi. Wasomali ni wengi Minneapolis na wengi wao walipitia Kenya, kwa hiyo Kiswahili hukikuta mahali usipokitarajia. Yeye aliniita dada, nami nikamwita kaka ingawa ni mdogo kwangu kwa umri, na ndani ya lori hatukuwa na haja ya lugha nyingine. Ndiye aliyevunja kimya tulipokata kona siku ile.

"Lakini huyo mama ako sawa, dada."

Sikumjibu. Nilikuwa bado najitetea moyoni, na utetezi wangu haukuwa wa uongo. Mti uliochimbwa kitaluni na kuletwa mjini huacha sehemu kubwa ya mizizi yake kule ulikokulia, lakini majani yake yanaendelea kudai maji kama zamani. Watunza miti wana kanuni yao ya makadirio kwamba kila inchi moja ya unene wa shina huhitaji kama mwaka mzima wa kujijenga upya, na kwa kuwa miti ya barabarani hupandwa ikiwa na unene wa inchi moja au mbili, huo ni mwaka mmoja au miwili ya kulelewa. Minnesota, kwa bahati mbaya, ilipata ukame katika majira matatu mfululizo ya joto, kuanzia 2021 hadi 2023. Juni 2023 tulifanya kazi tukiwa tumefunika pua kwa barakoa kwa sababu ya moshi uliokuja na upepo kutoka misitu iliyokuwa ikiungua Kanada.

Katika hali kama hiyo, anayeuliza kama alitaka mti anaonekana kama mtu anayeuliza kama aliomba mvua.

Ndivyo nilivyowaza mwanzoni.

## Bisibisi

Chombo nilichokiamini kuliko vyote ni bisibisi ndefu. Majani yanaponyauka na kugeuka manjano, jicho haliwezi kukuambia kama mti una kiu au unazama, kwa sababu mizizi iliyokosa hewa ndani ya tope haifanyi kazi, na mti unaonyesha dalili zilezile za mti uliokosa maji. Unachukua bisibisi, unaichomeka karibu na shina, mahali lilipo donge la udongo lililokuja na mti kutoka kitaluni. Ikigoma, donge limekauka, hata kama nyasi zinazolizunguka ni mbichi kabisa. Ikiingia kwa kusukumwa kidogo, hali ni nzuri.

Kwa mzee mmoja, mitaa michache kutoka kwa yule mama, bisibisi ilizama kama kijiko kwenye uji.

Mzee yule aliupenda mti wake kupita kiasi. Mbali na mfuko wetu, kila jioni alitoka na mpira wa nyumbani akaumwagilia mpaka maji yakasimama. Udongo wa pale ulikuwa mfinyanzi uliochanganyika na kifusi cha ujenzi, maji hayakuwa na pa kwenda, na matawi ya juu yalikuwa yameanza kupukutisha majani katikati ya msimu. Alidhani sisi ndio tunaoupunja. Mjukuu wake akawa mkalimani, lakini maelezo yetu yalifika yakiwa na harufu ya lawama, mzee akazidi kukunja uso. Mwenzangu akampa bisibisi mkononi. Akaichomeka mwenyewe, akaichomoa, akaitazama ncha iliyojaa tope, akaichomeka tena upande wa pili wa shina. Kisha akaenda kufunga bomba.

Nimeeleza habari za mzee huyu kwa sababu alinionyesha kitu ambacho mafunzo yetu ya wiki ya kwanza yalikigusa juujuu tu. Lori letu lilipita kila mti mara moja kwa wiki, likikawia dakika chache. Saa nyingine zote mti ulikuwa mikononi mwa watu wa nyumba iliyo mbele yake. Wao ndio waliokuwa na mashine ya kufyeka nyasi, ile yenye uzi wa nailoni ambao ukigusa shina changa huchana gome. Na tabaka hai linalosafirisha chakula cha mti liko hapohapo chini ya gome, jembamba sana, likikatwa duara zima mti umekufa hata kama majani yatachelewa kupata habari. Wao ndio walioamua kama matandazo ya vipande vya mbao yatasambazwa kwa upana, yakiacha shina wazi, au yatarundikwa kwenye shina mpaka gome lioze. Wao ndio walioona mtoto akiruka na kulining'inia tawi. Wakati wa baridi, wao ndio wangesukuma theluji yenye chumvi kuelekea shinani au upande mwingine.

Kwa hiyo mwenye barabara ni umma, mwenye lori ni mwajiri wangu, na mwenye uhai wa mti ni mtu ambaye hakuna aliyemuuliza. Nilipofika hapo katika kuwaza, jibu langu la kwanza lilianza kunipwaya.

## Miti iliyokuwepo kabla

Tulirudi mtaa ule wiki iliyofuata, kama ratiba ilivyotaka, na safari hii nilimwomba mwenzangu azime injini. Nikapanda ngazi mbili za baraza, nikamsalimu mama, nikamuuliza kama angependa kunieleza kwa nini hautaki.

Alinieleza kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na hakuanza na mti wangu. Alianza na mti mkubwa uliokuwa palepale, ambao aliukuta aliponunua nyumba, na ambao tarehe 22 Mei 2011, siku ambayo kimbunga kilipita kaskazini mwa Minneapolis na kung'oa miti kwa maelfu, ulimwangukia juu ya gari na kuvunja nguzo ya baraza. Baada ya hapo uliletwa mti mwingine, ukafa, na kisiki chake kikakaa miaka. Akaja kwenye mti wa eshi (ash) uliokuwa nyuma ya nyumba ya jirani yake.

Hapa inabidi nieleze kidogo. Mji huu umefiwa na miti yake mara mbili katika umri wa mtu mmoja. Katika miaka ya 1970 ulikuja ugonjwa wa miti ya elmi (elm), unaosababishwa na kuvu inayobebwa na mbawakawa, ukaangamiza miti kwa makumi ya maelfu. Mitaa iliyokuwa na paa la majani kutoka upande mmoja hadi mwingine ikabaki uchi. Mingi ya miti hiyo ilikuwa ya aina moja, imepangwa mstari mmoja, na ugonjwa ulihama kutoka mti hadi mti kupitia hata mizizi iliyogusana chini ya ardhi. Mahali pake ikapandwa miti ya eshi kwa wingi, kwa sababu ni migumu, inakua haraka na inastahimili chumvi. Mwaka 2002 akagunduliwa Michigan mbawakawa wa kijani kutoka Asia ya mashariki, ambaye viwavi wake hula chini ya gome la eshi. Mwaka 2010 alikuwa amekwisha kufika Minneapolis, na kuanzia 2014 hadi 2021 mji ulitekeleza mpango wa miaka minane wa kuondoa takriban miti 40,000 ya eshi kwenye barabara na bustani za umma na kupanda ya aina nyingine. Safari hii waliopanga walichanganya aina. Mti niliokuwa nikiumwagilia mbele ya nyumba ya mama ulikuwa mwaloni, jirani yake wa kushoto aina nyingine, wa kulia aina nyingine tena.

Lakini eshi iliyo ndani ya kiwanja cha mtu ni mzigo wa mwenye kiwanja. Ikipatikana na mdudu, sheria inamtaka aiondoe, na kukata mti mkubwa uliobanwa kati ya nyumba mbili ni kazi ya maelfu ya dola. Jirani yake alikuwa bado analipa.

"Kwa hiyo wewe unaona kivuli," mama akaniambia. "Mimi naona bili."

Akaziorodhesha bila hasira. Mwaloni ukikua utamwangushia kokwa juu ya gari. Majani ataokota nani? Mizizi ikiingia kwenye bomba la majitaka linalotoka nyumbani kwake hadi barabarani, gharama ni yake. Nikamuuliza kama hakuletewa taarifa yoyote kabla ya kupandwa. Akasema kulikuwa na karatasi iliyotundikwa kwenye kitasa cha mlango, akadhani ni tangazo la watu wa mapaa, akaitupa pamoja na mengine.

Sikuona chochote cha kubishia. Jambo lililonishangaza ni kwamba kati ya watu wote niliozungumza nao msimu mzima, mama huyu aliyeukataa mti ndiye aliyeijua miti ya mtaa wake vizuri kuliko wengine wote: aina zake, mwaka ulipoanguka huu, mwaka ulipougua ule.

## Kivuli ni cha nani

Jioni ile ndani ya lori tulibishana. Mwenzangu, ambaye mwanzo alikuwa upande wa mama, sasa alishika upande wa pili, kwa sababu ndivyo alivyo. Alisema kivuli si cha mtu mmoja. Kituo cha basi kiko hatua chache kutoka pale, watoto wanapita kwenda shule, na kila nyumba ikipewa ruhusa ya kukataa, mtaa mzima utabaki jangwa. Mtaa ambao tayari una joto kuliko mitaa mingine utazidi kuwa na joto.

Katika hilo ana haki kuliko alivyojua. Miaka ya 1930 shirika la serikali ya Marekani lililoshughulikia mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji na kuyatia rangi nyekundu maeneo lililoyaona hatari kukopesha, ambayo mara nyingi yalikuwa ya watu weusi na wahamiaji. Sehemu za kaskazini mwa Minneapolis zilikuwa miongoni mwake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulilinganisha ramani hizo na joto la sasa katika miji 108, ukakuta kwamba katika karibu yote maeneo yaliyotiwa nyekundu yana joto zaidi, kwa wastani wa nyuzi 2.6 za Selsiasi kuliko yale yaliyopendelewa. Lami zaidi, zege zaidi, miti michache. Anayesema kwamba miti ipandwe kwanza huko anasema jambo la haki.

Nami nikasema kwamba hiyo ndiyo sababu ya kuuliza zaidi, si kuuliza kidogo. Mtaa ambao kwa vizazi vitatu umeamuliwa mambo yake na ramani iliyochorwa mbali hauwezi kupokea mwaloni bila kutazama nyuma yake kuna nini.

Hatukumaliza. Agosti ilipofika, ukame ulipokaza, tulianza kuhamisha mifuko: mti ukionekana umekufa unakwaruza gome kwa ukucha, ukikuta kijani chini yake unasubiri, ukikuta kahawia unajaribu tawi jingine, kisha shina, na kama ni kahawia kote unaandika umekufa na mfuko unapelekwa kwa mti wenye matumaini. Hapo ndipo wazo baya lilinijia. Kama mifuko haitoshi, kwa nini tusiuchukue wa mwaloni ule usiotakiwa, tumpe mtu anayetaka? Nilimweleza mwenzangu. Akaniuliza, kwa upole ambao sikuuzoea kwake, kama nataka kumheshimu yule mama au nataka kumwadhibu.

Mfuko ukabaki.

## Detroit

Ni baada ya msimu ndipo nilipokutana na jambo ambalo laiti ningelisoma Mei. Jijini Detroit, shirika la kupanda miti liitwalo The Greening of Detroit lilikuwa likipanda miti bure mbele ya nyumba za watu. Kati ya 2011 na 2014, katika wakazi wapatao 7,500 waliostahili kupata mti, takriban 1,800 waliukataa. Karibu robo. Mtafiti Christine Carmichael akaenda kuwauliza, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019.

Wengi tungetabiri kwamba angekuta watu wasiojua faida za miti. Alikuta watu wanaozijua vizuri. Walikataa kwa sababu walikumbuka. Walikumbuka elmi zilizokatwa miaka ya 1960, na wapo walioamini kwamba baada ya ghasia za 1967 zilikatwa ili polisi waweze kuwaona watu kutoka helikopta. Maelezo ya upande wa jiji yalikuwa ni ugonjwa. Walikumbuka miti iliyopandwa na kutelekezwa, ambayo mkazi wa kawaida ndiye aliyebaki akiifagilia na kuiogopa. Na walipoletewa mti mpya waliona hawakuulizwa aina gani, wapi, wala nani atautunza.

Nilisoma nikisikia sauti ya baraza lile la Minneapolis. Tofauti ni kwamba kule Detroit waliruhusiwa kusema hapana na hapana yao ikaandikwa. Nadhani hilo ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu hapana iliyoandikwa inaweza kurudiwa mwaka wa pili na kuzungumzwa upya, pengine na aina nyingine ya mti, pengine upande wa pili wa njia. Hapana isiyoandikwa hutoka kwa njia nyingine, kwa uzi wa mashine ya kufyeka, na kwenye kitabu cha kumbukumbu huonekana kama ajali.

## Namba tunayoipenda

Kila mpango wa miti unaoufahamu una namba, na karibu kila mara ni namba ya kupanda. New York walilenga miti milioni moja mwaka 2007 na wakaifikia 2015. Serikali ya Kenya ilitangaza mwishoni mwa 2022 kwamba nchi itapanda miti bilioni 15 ifikapo 2032. Mwenzangu alikuwa akiitaja kila lori linapoishiwa maji, akiniuliza hiyo ni mifuko mingapi. Kwetu Tanzania kila halmashauri ina lengo lake la miti milioni moja na nusu kwa mwaka, na hakuna Mtanzania ambaye hajawahi kuona picha ya kiongozi ameshika mche tarehe 1 Aprili.

Namba ya kuishi haina picha. New York hiyohiyo, waliochunguza miti iliyopandwa barabarani kati ya 1999 na 2003 walikuta miaka michache baadaye kwamba takriban asilimia 74 ilikuwa hai, na moja ya mambo yaliyoambatana na kuishi ni dalili kwamba kuna mtu karibu anayeutunza mti. Robo iliyokufa ililipiwa sawasawa na ile iliyopona: kitalu, lori, shimo, mishahara.

Profesa Wangari Maathai wa Kenya alilifahamu hili mapema. Harakati za Green Belt alizozianzisha mwaka 1977 ziliwalipa akina mama wa vijijini kiasi kidogo, senti chache za dola, kwa kila mche uliopona. Uliopona, si uliopandwa. Huwa tunamkumbuka kwa Nobeli ya 2004 na kwa kuitetea bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi, na ni haki yake, lakini utaratibu ule wa malipo ulikuwa ni hesabu ya mtu aliyeelewa mahali kazi ilipo. Ulimlazimu anayelipa kurudi kutazama. Ulimpa aliyepanda sababu ya kuchagua mahali atakapoweza kufika na ndoo.

Katika fomu yetu ya Minneapolis tuliandika hai, dhaifu, au umekufa. Hapakuwa na mahali pa kuandika kama mwenye nyumba anautaka. Ningeongeza safu hiyo moja.

## Nyumbani

Mimi ni mtu wa Dodoma, kwa hiyo ilikuwa haiwezekani haya yote yabaki Marekani. Dodoma mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na ukikosea kuupanda mche ndani ya dirisha hilo umeutupa. Baada ya hapo kuna miezi saba ya jua na upepo. Tangu serikali ihamie na kampeni ya kulifanya jiji liwe la kijani ianze mwishoni mwa 2017, nimeona kila mbinu: chupa za maji ya kunywa zilizotobolewa vifuniko na kuchomekwa kichwa chini kando ya mche, visahani vya udongo kuzunguka shina, maboma ya miiba dhidi ya mbuzi, boza linalopita barabara kuu. Hakuna nilichofundishwa Minneapolis ambacho bibi yangu hakukijua, isipokuwa zipu.

Kilichobadilika ni maswali ninayouliza. Nilimpigia simu baba mdogo, ambaye yumo kwenye kamati ya mtaa, nikamuuliza miche ya msimu ujao imechaguliwaje. Akasema orodha ilikwisha kupelekwa. Watu wengi walitaka miembe na mipapai, orodha ikarudi na miti ya kivuli, kwa sababu ndiyo iliyoko kitaluni. Nikamuuliza ile ya kando ya barabara, isiyo mbele ya nyumba ya mtu, humwagiliwa na nani Septemba. Akacheka. Akasema hiyo ni ya serikali.

Akaniuliza mti unahitaji maji kiasi gani, akitaka jibu la mtaalamu. Nikamwambia lita 75 kwa wiki ni za mti ulioletwa ukiwa na unene wa kifundo cha mkono; mche wa kufika magotini unaweza kuishi kwa dumu moja la lita 20 kwa wiki, ukiwekewa kisahani na matandazo, na hata hilo dumu ni lazima lipatikane kila wiki mpaka mvua irudi. Akanyamaza kidogo, nikamsikia akimwita mtu ampe kalamu. Alizidisha dumu moja kwa wiki zote za kiangazi, kwa bei ya maji ya mtaani kwao, kisha kwa idadi ya miche iliyoagizwa, akarudia hesabu kwa sababu hakuiamini.

Aliporudi kwenye simu alisema kwamba kwa fedha zilizopo wanaweza kuhudumia chini ya nusu ya orodha ile. Mkutano wa mtaa ni kabla ya miche kuchukuliwa. Ameniahidi kwamba ataisoma hesabu hiyo mbele ya watu, na kwamba ataanza kwa kuwauliza walioomba miembe.